Suzuki V-Strom 650 kwa safari ndefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye V-Strom 650, au anayeitamani, anayetaka kuifunga vifaa vya kumtoa Dar es Salaam hadi Lusaka, au Nairobi hadi Moyale, kisha arudi pikipiki ikiwa nzima. Maswali ni yale ambayo waendeshaji huniuliza tukikutana kituo cha mafuta au mpakani. Msimamo wangu nautaja mapema: pikipiki hii inataka vitu vichache vilivyochaguliwa vizuri. Kila kilo unayoongeza utaihisi kwenye breki, kwenye tope, na siku itakapolala chini.

V-Strom 650 ni pikipiki ya namna gani?

Iliingia sokoni mwaka 2004, na jina lake la kiwandani ni DL650. Injini ni ya cc 645, silinda mbili zilizokaa mkao wa V wa nyuzi 90, inapozwa kwa maji. Asili ya injini hiyo ni SV650, pikipiki ya barabarani iliyotoka 1999; Suzuki waliirekebisha ili nguvu ipatikane mapema, kwenye mizunguko ya kati, pale ambapo msafiri hushinda siku nzima. Nguvu yake ni kati ya farasi 67 na 71 kutegemea mwaka. Rimu ya mbele ni inchi 19, ya nyuma 17. Matoleo ya kuanzia 2012, tangi likiwa limejaa, yana uzito wa kilo 213 hadi 216.

Si pikipiki ya kurukia mashimo. Shokapu za mbele zina mwendo wa milimita 150, na chini ya injini kuna nafasi ya sentimita 17 hivi tu. Ni pikipiki ya lami inayoivumilia changarawe kwa utulivu mkubwa. Ukiichukua hivyo mtapatana.

Kwa nini nisichukue kubwa zaidi, ya cc 1000 au 1200?

Kwa sababu barabara zetu hazikupi nafasi ya kuitumia. Kutoka Chalinze hadi Mbeya kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi. Kati ya kijiji na kijiji utatembea 90, pengine 100, na kwa mwendo huo 650 inapumua vizuri na bado ina akiba ya kulipita lori. Pikipiki kubwa ni nzito zaidi, inakunywa zaidi, inamaliza tairi haraka, na ikianguka kwenye mchanga utahitaji watu wa kukusaidia. Wanaobeba abiria na mizigo kila safari wana sababu ya kufikiria cc 1000. Wengine wote, hii inatosha.

Na ndogo? Mbona watu wanavuka nchi na Boksa?

Wanavuka, na nawaheshimu. Pikipiki ya cc 150 inafika popote. Tofauti utaiona kwenye mlima Kitonga nyuma ya malori mawili yaliyofuatana: huko ndiko nguvu ya kupita kwa sekunde chache inapogeuka kuwa usalama wako. Utaiona pia kwenye upepo wa pembeni, na mwisho wa siku mgongoni.

Nikinunua mtumba, nitafute ya mwaka gani?

Kuna vizazi vitatu vya kukumbuka. Cha kwanza ni 2004 hadi 2011: tangi la lita 22, kiti cha chini kidogo, umbo pana lenye taa kubwa mbili mbele. ABS, yaani mfumo unaozuia tairi lisifunge unaposhika breki, ilianza kupatikana kwa matoleo ya 2007. Kizazi hiki ni kigumu kama jiwe na ndicho cha bei nafuu, ila baadhi ya zile za mwanzo kabisa klachi yake hutetemeka unapoondoka taratibu. Ijaribu kwa kuondoka polepole kwenye kilima. Kama inakutikisa mikono, punguza bei au achana nayo.

Cha pili kilianza 2012. Tangi likashuka hadi lita 20, umbo likawa jembamba, dashibodi ikaanza kuonyesha gia uliyopo. Mwaka 2015 likaja toleo la XT lenye rimu za spoki ambazo hazihitaji tyubu, na kwa barabara za mashimo hilo ni jambo kubwa, nitalieleza kwenye tairi. Cha tatu ni cha 2017, kilicholeta udhibiti wa tairi la nyuma kuteleza na kuongeza nguvu kidogo.

Ningekuwa nanunua leo kwa ajili ya safari ningetafuta XT, mwaka wowote. Nikiikosa, ningechukua ya kizazi cha kwanza yenye kumbukumbu za matengenezo kabla ya kuchukua mpya zaidi isiyo na historia. Injini hii hutembea kilomita laki moja na zaidi bila kufunguliwa kama oili ilibadilishwa, kwa hiyo kilomita nyingi zisikutishe. Kinachopaswa kukutisha ni rimu ya mbele yenye kona iliyobonyea, shokapu za mbele zinazovuja, nyaya zilizokatwa na kuunganishwa kwa selotepu chini ya kiti, na meno ya sproketi yaliyochongoka huku muuzaji akisema pikipiki imefanyiwa sevisi kamili.

Nina bajeti ndogo. Nianzie wapi kuiandaa?

Anzia kwenye shokapu. Najua karibu kila mtu huanza na masanduku ya alumini kwa sababu yanaonekana, na pikipiki inakuwa na sura ya safari hata ikiwa imeegeshwa nyumbani. Lakini udhaifu halisi wa 650 ni springi za mbele. Zimetengenezwa laini, kwa mtu mmoja wa uzito wa wastani asiye na mzigo. Ukifunga vyuma vya kinga, ukaongeza mizigo, kisha ukashika breki ghafla mbele ya tuta lisilo na alama, mbele kunazama hadi mwisho na shokapu haina tena cha kukupa. Hapo ndipo rimu zinapobonyea na watu wanapoenda chini.

Tiba yake si ghali ukiilinganisha na masanduku: springi za mbele ngumu zaidi kulingana na uzito wako, pamoja na oili ya shokapu mpya yenye uzito unaofaa. Fundi mwenye uangalifu anaimaliza kwa siku moja. Oili hiyo ya shokapu, kwa njia, ni kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Pikipiki nyingi za mtumba zina ile ile ya kiwandani, imeshageuka nyeusi.

Nyuma kuna kirungu pembeni chini ya kiti cha kuongeza ukali wa springi kwa mkono, bila spana. Kitumie. Ukipakia mizigo kikaze, ukishusha kilegeze. Kipimo rahisi: fungasha kila kitu kama unaondoka, vaa nguo zako za safari, kaa juu ya pikipiki, na mtu apime imeshuka kiasi gani tangu ilipokuwa imeinuliwa kabisa. Ikishuka theluthi moja ya mwendo wa shokapu, yaani karibu sentimita 5, uko sawa. Ikishuka sana hata baada ya kukaza kirungu hadi mwisho, springi ya nyuma nayo inahitaji kubadilishwa, au mizigo yako ipungue. Jaribu kwanza kupunguza mizigo.

Vyuma vya kinga na bamba la chini vina umuhimu gani?

Bamba la chini ya injini ni la lazima. Angalia pikipiki kwa mbele: filta ya oili na bomba la eksozi la silinda ya mbele vimekaa wazi, vikitazama tairi. Jiwe moja linalorushwa na tairi lako mwenyewe linaweza kutoboa filta, na oili ikiisha safari imeisha. Bamba la alumini la milimita 3 hadi 4 linatosha. Hakikisha halizuii kufungua filta na lina tundu la kumwagia oili, la sivyo kila sevisi itakuwa ugomvi.

Vyuma vya pembeni navyo weka, kwa sababu rejeta na plastiki ni ghali na hazipatikani kirahisi. Chagua vile vinavyoshika fremu sehemu tatu au nne. Vinavyoning'inia kwenye bolti mbili, pikipiki ikianguka vinapinda na kuigonga plastiki ile ile vilivyowekwa kuilinda. Vikinga mikono vyenye chuma ndani vitakuokolea wenzo wa klachi na wa breki.

Masanduku ya alumini au mabegi laini?

Mabegi laini, kwa watu wengi. Masanduku mawili matupu pamoja na fremu zake yanaweza kukaribia kilo 20 kabla hujaweka hata soksi. Yanapanua pikipiki kuliko usukani, na kwenye foleni ya Mbagala au Waiyaki Way hilo utalijutia. Mguu ukishuka kwenye mchanga na sanduku likaukuta kwa nyuma, mfupa ndio unaokubali kwanza. Begi laini linabonyea.

Sanduku lina sifa mbili za kweli: linafungwa kwa ufunguo na halipitishi mvua. Kama unalala mijini na kuiacha pikipiki nje, au safari yako yote ni lami, lichukue bila wasiwasi. Kwa mabegi, weka nguo ndani ya mfuko wa plastiki hata kama muuzaji ameapa kwamba hayaingizi maji.

Vitu vizito, yaani spana, tyubu na maji, viweke chini na mbele. Keria ya nyuma ya kiwandani imeandikiwa uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Soma kibandiko chake. Mzigo mzito nyuma kabisa na juu ndio unaofanya usukani uwe mwepesi na kuanza kutikisika ukifika 100.

Nifunge tairi gani, na upepo kiasi gani?

Vipimo ni 110/80-19 mbele na 150/70-17 nyuma. Vipimo hivi vinatumiwa na pikipiki nyingi za safari, hivyo Nairobi na Dar utavipata kwa kutafuta, lakini usitegemee kuvikuta Singida au Marsabit. Anza safari ndefu na tairi zenye maisha ya kutosha kwenda na kurudi. Kama lami ni sehemu kubwa, tairi la lami lenye mifereji mipana hukaa muda mrefu na hushika vizuri kwenye mvua. Lenye meno makubwa linavutia machoni, lakini likibeba mzigo kwenye lami ya moto ya Dodoma linaisha upesi na linavuma masikioni siku nzima. Binafsi hupenda la katikati: Heidenau K60 Scout au Mitas E-07 nyuma, na mbele kitu laini zaidi kwa ajili ya breki.

Upepo wa lami ni 33 psi mbele na 36 nyuma ukiwa peke yako. Ukibeba abiria nyuma panda hadi 41. Ukiingia changarawe ndefu shusha hadi 28 hivi, ukirudi lami jaza tena. Beba kipimo chako mwenyewe, maana vipimo vya vituoni vinatofautiana kupita kiasi, na pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri.

Sasa suala la rimu. Tairi za 650 hazina tyubu. Ukipata msumari unachomeka kamba ya kuzibia bila kuvua tairi, unajaza upepo, unaendelea. Lakini spoti rimu (zisizo na spoki) za toleo la kawaida zikigonga shimo kali zinabonyea ukingoni, upepo unatoka, na hakuna kamba itakayosaidia. Ndiyo maana hata mwenye tairi zisizo na tyubu abebe tyubu moja ya inchi 19. Mbele ikigoma unaweka tyubu na kusogea hadi mjini. Ikibidi kabisa, ya 19 huingizwa hata kwenye tairi la nyuma kwa kutembea polepole.

Kioo cha upepo kinanipigia kelele kichwani. Nifanyeje?

Haya ndiyo malalamiko ya zamani zaidi kuhusu pikipiki hii, na inategemea urefu wako. Kioo cha kiwandani kinaelekeza upepo uliochafuka usawa wa helmeti. Jaribu kwanza bila gharama: kihamishe kwenye matundu ya juu au ya chini. Bado? Kipande kidogo kinachobanwa juu ya kioo huwasaidia wengi. Na kuna wanaokata kioo kiwe kifupi ili helmeti ipate upepo safi. Kelele hubaki ile ya upepo, lakini kichwa hakitikisiki. Vyovyote vile, ziba masikio kwa vizibo vya povu. Uchovu mwingi wa siku ya kilomita 500 unatoka masikioni.

Tangi moja linafika wapi?

Kwa mwendo wa 90 hadi 100, lita moja inakupeleka kilomita 20 hadi 24. Tangi la lita 20 linakupa 400 bila kusukuma bahati. Isiolo hadi Marsabit ni kama 260, na Marsabit hadi Moyale 250 hivi, lami yote. Mpanda hadi Sumbawanga, ukikatiza Katavi, haifiki 300. Kwa hiyo galoni la ziada nyuma ya pikipiki halina kazi kwenye njia kuu za Afrika Mashariki. Jaza ukifika nusu, basi.

Petroli ya chupa inaleta shida?

Pampu na kichujio chake viko ndani ya tangi, hivyo uchafu ukiingia kuusafisha ni kazi kubwa. Ukilazimika kununua chupani, iache itulie, iangalie kwenye mwanga kama ina maji chini, uimimine kupitia kitambaa safi, na usimalizie ile ya mwisho. Nunua kiasi cha kukufikisha kituoni tu.

Mimi ni mfupi. Nitaiweza?

Kiti cha kuanzia 2012 kiko sentimita 83.5 kutoka chini. Cha kizazi cha kwanza ni 82. Kuna vifaa vya kushusha pikipiki kwa nyuma, lakini vinakula ile nafasi ndogo ya chini niliyoitaja. Bora mpe fundi wa viti achonge povu pembeni, karibu na tangi, pale mapaja yanapopita. Miguu itafika chini bila pikipiki kushuka. Na jifunze kusimama kwa mguu mmoja, miwili haihitajiki.

Nibadilishe oili na kukaza cheni kila baada ya kilomita ngapi?

Oili ya 10W-40 yenye alama ya JASO MA, kila kilomita 5,000 hadi 6,000. Alama hiyo ina maana, kwa sababu oili ile ile inalainisha klachi, na oili za magari zenye vilainishi maalumu huifanya iteleze. Vali hukaguliwa kila kilomita 24,000. Mara nyingi utazikuta ziko ndani ya kipimo, lakini kagua. Filta ya hewa iko chini ya tangi, na baada ya vumbi la msimu wa kiangazi ifungue mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Cheni ni ya namba 525, sproketi ya kiwandani meno 15 mbele na 47 nyuma. Iache icheze milimita 20 hadi 30. Kosa linaloua cheni ni kuikaza sana: ukipakia mizigo na nyuma kukashuka, cheni inavutika kama waya na kuumiza beringi za sproketi ya mbele. Ipake oili jioni ikiwa bado ina moto, na iwe kila siku kama kuna mvua au vumbi. Oili nene ya gia na brashi ya meno vinatosha kabisa.

Fundi wa bodaboda anaweza kuishika?

Anaweza mengi. Tairi, cheni, pedi za breki, waya wa klachi (na kwenye 650 klachi ni ya waya, si ya mafuta), kunyoosha wenzo, kutengeneza bolti iliyokatika. Mafundi wa barabarani wana mikono na akili ambayo hutaikuta kwenye karakana zenye vigae. Wasichokuwa nacho mara nyingi ni uzoefu wa mfumo wa sindano za petroli na vihisi vyake. Taa ya injini ikiwaka, usikubali mtu afungue mpira baada ya mpira akitafuta kabureta ambayo haipo.

Jambo moja simama nalo imara: kabla ya kuchomelea chochote kilichoshikana na pikipiki, fremu ya begi imekatika au standi imepinda, vua kipande hicho kikachomelewe pembeni. Kama hakivuliki, fungua waya zote mbili za betri na uchomoe soketi za kompyuta ya injini. Umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita humo, kompyuta inaungua, na hakuna mji wa njiani wenye nyingine.

Spea zipi nibebe?

Waya wa klachi, ukiulaza sambamba na ule unaotumika ili kubadilisha kuwe dakika chache. Wenzo mmoja wa breki na mmoja wa klachi. Kiungo cha cheni, fyuzi, pedi za breki, kamba za pancha na ile tyubu. Beba pia funguo nene ya L ya ekseli ya mbele, kwa sababu mafundi wengi wa barabarani hawana saizi hiyo, na spana ya nati ya nyuma. Waya mwembamba wa kufungia, selotepu ya umeme, gundi ya chuma. Rejeta, pampu na vitu vya namna hiyo viache nyumbani. Hutavibadilisha kando ya barabara.

Naweza kuongeza taa?

Ongeza, zile za LED zinazokula umeme kidogo, kupitia relei na fyuzi yake. Zielekeze chini, na lengo liwe kuonekana mchana.

Kwa habari ya kuendesha usiku: panga usiendeshe. Ukilazimika na ukaona matawi ya majani yamelazwa kwenye lami, punguza hapo hapo. Mbele yako kuna lori lililoharibika, mara nyingi halina taa hata moja.

ABS inasumbua kwenye changarawe?

Inasumbua kwenye mteremko wa kokoto, ambapo tairi likianza kuteleza mfumo unaachia breki na pikipiki inaendelea kwenda. 650 haina swichi ya kuizima. Wengine huchomoa fyuzi. Mimi siwashauri, kwa sababu ukisahau kuirudisha utaikumbuka kwenye lami yenye mvua. Shuka na gia ya kwanza au ya pili, breki kidogo, mapema. Udhibiti wa kuteleza wa matoleo ya 2017 na kuendelea unaweza kuzimwa, nao uzime unapoingia mchanga.

Na tope jeusi la mbuga?

Hapo pikipiki hii ina kasoro ya wazi. Madigadi ya mbele imekaa karibu sana na tairi, na udongo ule wa kunata unajaa katikati mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Kabla ya masika, inua madigadi kwa kuweka vipande vya chuma na bolti ndefu, hata sentimita mbili zinasaidia. Ukikwama bila hiyo, ivue na uifunge juu ya mizigo. Kama njia mbadala ya lami ipo, hata iwe ndefu kwa kilomita mia, ichukue.

Hati gani zinahitajika mipakani?

Kadi ya pikipiki yenye jina lako, au barua ya mwenye pikipiki iliyothibitishwa na wakili, pasipoti, leseni yenye daraja la pikipiki, cheti cha homa ya manjano, na bima. Kwa bima omba Kadi ya Njano ya COMESA kutoka kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Tanzania, ingawa si mwanachama wa COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), imo kwenye mpango huo, na kadi hiyo inatambulika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi. Namanga na Tunduma zina vituo vya pamoja, unamalizana na nchi mbili kwenye jengo moja. Hakikisha kibali cha kuingiza pikipiki kwa muda kimeandikwa namba sahihi za fremu na injini. Zisome mwenyewe, herufi kwa herufi, ukiwa bado dirishani. Ukipanga kwenda mpaka Misri, huko wanadai kitabu maalumu cha dhamana ya forodha, na hicho huombwa mapema kupitia chama cha magari.

Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au ukienda Burundi au Kongo, unahamia upande wa kulia wa barabara. Hatari haiko pale mpakani ambapo umekaa macho. Iko kesho yake asubuhi, unapotoka gesti kwenye barabara tupu.

Kuna njia ambazo pikipiki haziruhusiwi?

Ndani ya hifadhi nyingi. Anayetoka Arusha kwenda Musoma hawezi kukata Ngorongoro na Serengeti. Anazunguka Babati, Singida, Shinyanga na Mwanza, na mlima Sekenke utamlipa fadhila. Barabara kuu inayopita Mikumi ni ya wote, lakini fuata mwendo uliowekwa. Kugonga mnyama kuna faini kwa kila aina, zimeandikwa kwenye mabango, na kwa mtu wa pikipiki faini ndiyo hasara ndogo.

Kilomita ngapi kwa siku?

Lami, 400 hadi 500. Changarawe, 200. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya 800, na wapo wanaoimaliza kwa siku moja. Mimi hulala Iringa. Kuanzia Mafinga hadi Makambako mwezi wa saba kuna baridi ya kweli, na vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki. Beba glovu za pili.

Ikianguka nikiwa peke yangu, naiinuaje?

Zima swichi kwanza na uangalie kama petroli inamwagika. Vua mabegi yote, usione uvivu. Ikiwa imelalia kulia, teremsha standi ya pembeni na uingize gia ili isiserereke. Geuza usukani hadi mwisho kuelekea upande ilikolalia, ipe mgongo, chuchumaa makalio yakiegemea kiti, mkono mmoja ushike mwisho wa usukani na mwingine kishikio cha abiria. Kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi, ukisukuma kwa miguu, mgongo ukiwa umenyooka. Ikisimama, iegemeze standi na upumzike kabla ya kugusa kitu kingine.

Injini ikikataa kuwaka usiogope. Kuna kihisi kinachoizima pikipiki inapolala, nacho hakiruhusu iwake mpaka uzime ufunguo na kuuwasha upya. Fanya hivyo, subiri pampu ya petroli ilie, kisha piga stata.